Kulipa kwa Mwaka au Kulipa kwa Safari? Hesabu ya Tozo za Barabara

Utangulizi

Simama Tukuyu kando ya barabara kuu inayotoka Uyole kwenda Kasumulu, mpakani na Malawi. Utaona malori ya ndizi na parachichi, Noah na Coaster za abiria, pikapu za viazi kutoka Isongole na magari madogo ya watumishi. Hutaona kibanda cha tozo. Hata hivyo kila gari hapo linalipia barabara, kwa sababu sehemu ya bei ya kila lita ya mafuta huenda Mfuko wa Barabara. Anayetembea zaidi hulipa zaidi.

Ipo njia nyingine ya kulipa, ya kutoa fedha mara moja kwa muda maalumu kisha kutumia utakavyo. Uswisi, kwa mfano, mwenye gari hununua kibandiko cha faranga 40 ili apite barabara kuu mwaka mzima. Hakuna kibandiko cha siku wala cha wiki, hivyo anayekatiza nchi hiyo mara moja tu hulipa sawa na anayepita kila asubuhi.

Nikiuliza darasani ipi ni nafuu, wanafunzi wengi hujibu haraka, "Ya mwaka, kwa sababu unalipa mara moja." Jibu hilo halina hesabu ndani yake. Katika sehemu hii utajifunza kulijibu swali hilo kwa mgawanyo mmoja, na utaona kwamba jibu hutofautiana kati ya mtu na mtu.

Kanuni

Tuite bei ya kulipa mara moja kwa mwaka A. Gharama ya safari moja tuiite b, na idadi ya safari kwa mwaka tuiite n.

Anayelipa kwa mwaka hutoa A, hata asiposafiri kabisa. Anayelipa kwa safari hutoa b × n. Gharama hizi mbili zinalingana pale ambapo:

b × n = A, yaani n = A ÷ b

Namba hiyo tutaiita idadi ya usawa. Kumbuka mambo mawili:

1. Safari zako zikiwa chache kuliko idadi ya usawa, lipa kwa safari.
2. Safari zako zikizidi idadi ya usawa, lipa kwa mwaka.

Kanuni ni hiyo tu. Kazi ngumu ni kuijua n yako kwa ukweli.

Mfano halisi: ada ya mwaka iliyofutwa 2017

Watanzania walishawahi kuhamishwa kutoka njia moja ya malipo kwenda nyingine. Hadi katikati ya 2017 kila mwenye gari alilipa ada ya mwaka ya leseni ya gari kulingana na ukubwa wa injini:

- sentimita za ujazo 501 hadi 1,500: sh. 150,000
- sentimita za ujazo 1,501 hadi 2,500: sh. 200,000
- sentimita za ujazo 2,501 na zaidi: sh. 250,000

Katika bajeti ya mwaka wa fedha 2017/18, Serikali ilifuta ada hiyo ya kila mwaka. Ili kufidia mapato, ushuru wa bidhaa kwenye mafuta uliongezwa kwa sh. 40 kwa kila lita. Petroli ilitoka sh. 339 hadi 379, dizeli sh. 215 hadi 255, na mafuta ya taa sh. 425 hadi 465.

Kwa gari lililokuwa limeshasajiliwa, malipo ya mwaka yaligeuka kuwa malipo ya kila lita. Je, nani alipata nafuu? Hapa b ni sh. 40, na n ni idadi ya lita badala ya safari. Idadi za usawa ni:

- 150,000 ÷ 40 = lita 3,750
- 200,000 ÷ 40 = lita 5,000
- 250,000 ÷ 40 = lita 6,250

Sasa tuwachukue watu wawili wa Rungwe. Viwango vya ada na ushuru ni vya kweli. Matumizi yao ya mafuta ni makadirio ya zoezi.

(a) Mwalimu mwenye gari dogo

Injini ya gari lake ni ya sentimita za ujazo 1,300. Huenda kazini na kurudi, kilomita 20 kwa siku, siku 21 kwa mwezi. Pia huenda Mbeya na kurudi, takribani kilomita 140, mara mbili kwa mwezi. Gari hutumia lita moja kwa kilomita 12.

Kazini: 20 × 21 × 12 = kilomita 5,040
Mbeya: 140 × 2 × 12 = kilomita 3,360
Jumla: kilomita 8,400
Mafuta: 8,400 ÷ 12 = lita 700
Ushuru ulioongezeka: 700 × 40 = sh. 28,000

Zamani angelipa sh. 150,000. Sasa anatoa sh. 28,000, hivyo amepona sh. 122,000. Lita zake 700 ziko mbali sana chini ya 3,750.

(b) Dereva wa Noah, Tukuyu – Mbeya

Injini ni ya sentimita za ujazo 2,000, na gari hutumia lita moja kwa kilomita 10. Kwenda na kurudi ni kilomita 140, yaani lita 14.

Ushuru ulioongezeka kwa mzunguko mmoja: 14 × 40 = sh. 560
Idadi ya usawa: 200,000 ÷ 560 = 357.14

Hakuna mzunguko wa 0.14. Akifanya mizunguko 357 analipa 357 × 560 = sh. 199,920, bado chini ya ada ya zamani. Mzunguko wa 358 unamfikisha sh. 200,480. Kuanzia hapo njia mpya ni ghali kwake.

Akifanya mzunguko mmoja kwa siku, siku 300 kwa mwaka, atalipa 300 × 560 = sh. 168,000. Amepona sh. 32,000. Akifanya miwili kwa siku, atalipa 600 × 560 = sh. 336,000. Amezidisha sh. 136,000.

Tazama vizuri. Barabara na gari ni vilevile, lakini dereva wa mzunguko mmoja ameshinda na wa mizunguko miwili ameshindwa. Ndiyo maana mtu akikuuliza, "Malipo ya mwaka yana faida?" jibu la kwanza ni swali: "Unasafiri mara ngapi?"

Wasio na gari je?

Kanuni yetu ililinganisha watu waliokuwa wakilipa ada. Lakini ushuru wa lita hauulizi kama mnunuzi ana gari. Fikiria mwenye mashine ya kusaga mahindi inayotumia dizeli lita 5 kwa siku, siku 300 kwa mwaka:

5 × 300 × 40 = sh. 60,000

Zamani sehemu hii ya malipo kwake ilikuwa sifuri, maana mashine ya kusaga haina leseni ya gari. Vivyo hivyo kwa kaya inayowasha koroboi kwa lita 2 za mafuta ya taa kwa mwezi: 2 × 12 × 40 = sh. 960 kwa mwaka. Ni fedha ndogo, lakini imetoka kwa mtu ambaye hakuwa na ada ya kufutiwa. Upande wa pili, njia mpya ilimwondolea mwenye gari bovu mzigo wa kulipia mwaka mzima gari lililolala gereji.

Ukipewa swali la kujadili mabadiliko kama haya, usiishie kwa wenye magari peke yao. Panga makundi yote yanayoguswa, kisha pigia hesabu kila kundi.

Tozo ya daraja: malipo ya siku, wiki au mwezi

Mahali panapojulikana sana kwa tozo ya kupita hapa nchini ni Daraja la Nyerere, Kigamboni, Dar es Salaam, lililozinduliwa Aprili 2016. Lilijengwa kwa ushirikiano wa Serikali na NSSF, na magari hulipa kulivuka. Mwaka 2022 Serikali ilipunguza viwango vya tozo na kuruhusu pia malipo ya siku, ya wiki na ya mwezi. Anayevuka hapo anakutana na swali letu moja kwa moja.

Tutumie bei za zoezi. Tuseme kuvuka mara moja ni sh. 1,000 na pasi ya mwezi ni sh. 30,000.

Idadi ya usawa: 30,000 ÷ 1,000 = kuvuka mara 30

Tahadhari: mara 30 si siku 30. Anayekwenda kazini na kurudi huvuka mara mbili kwa siku, hivyo anafika usawa baada ya siku 15. Akifanya kazi siku 22 angelipa sh. 44,000, pasi inamwokolea sh. 14,000. Lakini anayevuka kumsalimu shangazi yake kila Jumapili huvuka mara 8 hadi 10 kwa mwezi, yaani sh. 8,000 hadi 10,000. Kwake pasi ni hasara ya sh. 20,000 au zaidi.

Tuseme pia ipo pasi ya mwaka kwa sh. 300,000. Ukiilinganisha na pasi ya mwezi, 300,000 ÷ 30,000 = miezi 10. Mnunuzi anapata miezi miwili bure, kwa sharti kwamba ataitumia miezi yote 12. Akihamishwa kazi mwezi wa sita, amelipia miezi minne ambayo hakuitumia.

Mambo ya kuongeza kwenye hesabu

*Gharama ya mkopo.* Sh. 200,000 kwa mkupuo ni mzigo. Tuseme dereva wetu wa Noah anaikopa kwenye kikoba kwa riba ya asilimia 10. Malipo ya mwaka yanakuwa sh. 220,000, na idadi ya usawa inapanda: 220,000 ÷ 560 = 392.86. Sasa anahitaji mizunguko 393 ndipo malipo ya mwaka yamfae.

*Siku zisizo za kazi.* Ondoa siku za gereji, za msiba, za ugonjwa na za mvua kubwa ambazo abiria ni wachache. Mwaka una siku 365, lakini hakuna gari linalofanya kazi siku 365.

*Safari za kujilazimisha.* Mtu aliyekwisha kununua pasi hushawishika kusafiri "ili fedha isipotee". Pasi inafuta tozo peke yake. Mafuta, matairi na muda bado analipa.

Makosa ya kuepuka

1. Kuhesabu siku badala ya idadi ya kupita. Soma kama swali linasema "kwenda" au "kwenda na kurudi".
2. Kuchukua mwezi wenye safari nyingi kuliko yote, mfano Desemba, kisha kuzidisha kwa 12. Tumia wastani wa miezi kadhaa.
3. Kukadiria 357.14 kuwa 357 na kusema pasi inaanza kufaa hapo. Inaanza kufaa kwenye namba nzima inayofuata, 358.
4. Kutoa jibu bila sentensi ya uamuzi. Baada ya hesabu, andika nani achague nini na kwa nini.

Maswali ya kujipima

1. Pasi ya mwaka ni sh. 180,000 na kupita mara moja ni sh. 1,500. Tafuta idadi ya usawa. Mtu anayekwenda na kurudi mara moja kwa wiki, wiki 52, achague nini?
2. Pikapu ya mkulima wa Isongole ina injini ya sentimita za ujazo 2,800 na hutumia lita 2,400 kwa mwaka. Kwa viwango vya 2017, mabadiliko yalimwokolea au kumwongezea kiasi gani?
3. Katika swali la 1, mnunuzi amekopa bei yote ya pasi kwa riba ya asilimia 5. Je, uamuzi wake unabadilika kama husafiri mara 124 kwa mwaka?

Majibu

1. 180,000 ÷ 1,500 = 120. Mtu huyo hupita 52 × 2 = mara 104, chini ya 120. Alipe kwa safari: 104 × 1,500 = sh. 156,000, pungufu ya sh. 24,000.
2. 2,400 × 40 = sh. 96,000. Ada ya zamani ni sh. 250,000. Ameokoa sh. 154,000.
3. Bila mkopo, 124 inazidi 120, hivyo pasi inafaa. Kwa mkopo, pasi inagharimu sh. 189,000, na 189,000 ÷ 1,500 = 126. Sasa 124 iko chini ya 126, hivyo alipe kwa safari. Uamuzi umebadilika.

Kazi ya nyumbani

Muulize mzazi, mlezi au jirani mwenye pikipiki, gari au mashine anatumia lita ngapi za mafuta kwa wiki. Zidisha kwa wiki anazofanya kazi kwa mwaka, kisha kwa sh. 40. Mwoneshe jibu. Kama ana gari, mlinganishie na ada ya zamani ya injini yake. Huenda ikawa mara yake ya kwanza kuijua namba hiyo, nawe utakuwa umemkokotolea.