Hamira yafichua faida na gharama ya kuungana

HAMIRA inayouzwa madukani kwa pakiti, ile inayoumua maandazi na mikate kuanzia Mwanza hadi Bujumbura, ni kiumbe hai. Kila seli yake inajitegemea. Inakula sukari peke yake, inazaa, na mtoto akishakua anajitenga na kwenda zake.

Katika maabara ya Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, hamira hiyo iliwekwa katika mazingira yaliyoifanya iache kuishi hivyo. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2012, yanasaidia kujibu swali la siku nyingi: ilikuwaje viumbe wa seli moja, waliokuwa peke yao duniani kwa zaidi ya miaka bilioni moja, wakaungana hadi wakapatikana mti, samaki, ng'ombe na binadamu?

Anayezama ndiye anayepona

William Ratcliff, Michael Travisano na wenzao walitumia njia rahisi. Waliweka hamira katika chupa 10 za maji yenye chakula, wakazitikisa kutwa, kisha wakaziacha zitulie kwa muda mfupi. Kilichozama chini kilihamishiwa chupa mpya, na kilichobaki juu kikamwagwa. Kesho yake kazi ikaanza upya.

Seli iliyo peke yake ni nyepesi, huzama polepole. Zilizoshikamana ni nzito, huwahi chini. Ndani ya siku 60, chupa zote 10 zilikuwa na hamira ya vikundi vyenye matawi.

Seli hizo hazikuwa wageni waliokutana njiani. Zilikuwa mama na watoto wake, ambao mabadiliko katika jeni yaliwafanya wasitengane. Hapo ndipo siri ilipo. Seli za ukoo mmoja zina jeni zilezile, hivyo seli ikijitoa mhanga kwa ajili ya kundi, urithi wake huendelea kupitia ndugu zake.

Umoja una bei

Kuungana hakukuwa bure. Seli za katikati hupata chakula kwa shida, na kundi hukua polepole kuliko seli zilizo huru. Wafanyabiashara wanaochanga kukodi lori moja wanaijua hesabu hii: nauli inapungua, lakini lazima kumngoja mwenzako ambaye karatasi zake hazijakamilika mpakani.

Watafiti waliona pia kuwa baadhi ya seli hufa ndani ya kundi. Kwa maelezo yao, pale zinapokufa tawi hukatika kwa urahisi, nalo huanzisha kundi jipya. Yaani kazi zilianza kugawanywa: wengine kuzaa, wengine kufa ili wenzao waenee.

Ratcliff aliendeleza kazi hiyo katika chuo cha Georgia Tech, mjini Atlanta, akiwa na Ozan Bozdag. Mwaka 2023 walieleza kuwa baada ya mizunguko 600, hamira iliyolelewa bila kutumia oksijeni ilikuwa imetoa makundi makubwa mara 20,000 kuliko yale ya mwanzo, yanayoonekana kwa macho. Makundi ya awali yalivunjika kirahisi. Haya mapya yalikuwa na seli ndefu zilizosukana kama nyuzi za kamba, na ugumu wake ulikaribia wa mti.

Msaliti ndani ya mwili

Hamira si babu wa wanyama, na jaribio hili halirudishi historia yenyewe. Linaonyesha kwamba hatua ya kwanza ya kuungana si ngumu kama ilivyodhaniwa. Wanasayansi wanakadiria kuwa maisha ya seli nyingi yalianza zaidi ya mara 20, kila mara kwa njia yake.

Kazi ngumu ni kubaki pamoja. Mwili wa mtu una trilioni za seli, zote kutoka yai moja lililorutubishwa, na nyingi zimekubali kutozaliana ovyo. Seli inayovunja makubaliano hayo na kujizalisha kwa faida yake ndiyo chanzo cha saratani.

Ndiyo maana mwili una ulinzi wake. Seli iliyoharibika huamriwa kujiua, na zinazokaidi husakwa na askari wa kinga. Bila ukaguzi huo wa kila siku, umoja wa seli usingedumu.