Kauli ya Muuguzi Kando ya Kitanda

Mawasiliano tiba ni maongezi ya muuguzi na mgonjwa yanayokusudiwa kuwa sehemu ya matibabu. Lengo lake ni mgonjwa aeleze kinachomsumbua, aelewe anachofanyiwa, ashiriki kuamua, na apate utulivu wa kuvumilia lisiloepukika. Yanakwenda pamoja na huduma inayomlenga mtu, yaani kumhudumia mgonjwa kama mtu mwenye jina, jamaa, imani na hofu zake, si kama ugonjwa uliolazwa kitanda namba sita. Wengi hulichukulia jambo hili kuwa ni la tabia tu: muuguzi huyu ana kauli nzuri, yule hana, kana kwamba kauli ni kipaji cha kuzaliwa nacho. Ukweli ni kwamba huu ni ujuzi wa kazi, unaofundishika na kupimika kama ulivyo ujuzi wa kuchoma sindano.

Wazo lenyewe si jipya. Florence Nightingale, katika kitabu chake kuhusu uuguzi cha mwaka 1859, alitenga sura nzima ya kuwakemea wanaomliwaza mgonjwa kwa matumaini matupu, na alilaani pia tabia ya kunong'onezana ndani ya chumba alimolala mgonjwa. Mwaka 1951 mwanasaikolojia wa Marekani, Carl Rogers, alichapisha kitabu kuhusu tiba inayomweka mteja katikati. Mwaka uliofuata muuguzi Hildegard Peplau, naye wa Marekani, akaandika kwamba uhusiano wa muuguzi na mgonjwa ndio kiini cha uuguzi: wawili hao huanza wakiwa wageni, hujenga kuaminiana, hufanya kazi pamoja, kisha huagana. Jurgen Ruesch, daktari wa magonjwa ya akili, ndiye aliyetoa mwaka 1961 kitabu chenye jina lenyewe la mawasiliano tiba.

Kwa Afrika Mashariki, mahali panapoyapima maneno ya muuguzi kwa ukali zaidi ni leba. Mjamzito anafika akiwa na uchungu, anavuliwa nguo mbele ya watu asiowajua, na mara nyingi jamaa zake wameambiwa wabaki nje. Hofu hapo si jambo la moyoni peke yake. Mtu anapoogopa, mwili wake humwaga homoni ya adrenalini, na adrenalini nyingi inaweza kuudhoofisha uchungu na kuchelewesha uzazi. Mkunga anayemtuliza mama kwa hiyo anafanya kazi ya uzazi hasa, hata kama mikono yake haijagusa kitu.

Kazi huanza kwa jina. Mkunga anajitambulisha, kisha anauliza mama anapenda kuitwaje. Hapa desturi za Kiswahili zinasaidia na zinaponza pia. Kumwita mwanamke "mama" au "dada" ni heshima, lakini katika wodi ambayo wote ni mama, neno hilo linaweza kugeuka namba nyingine ya kitanda. Mama Neema hujiona ametambuliwa. "Wewe mama wa pale" hajioni hivyo. Kadhalika macho. Vitabu vingi vya Magharibi humhimiza mhudumu amtazame mgonjwa usoni, ilhali muuguzi binti wa miaka 24 akimkazia macho mzee wa umri wa babu yake, mzee anaweza kuona amedharauliwa. Kinachofaa ni kukaa, kumwelekea, na kuacha kuandika wakati anaongea.

Hatua ya pili ni kupima njia ya uzazi. Katika wodi zenye haraka, mama huamriwa tu apanue miguu. Mkunga aliyefunzwa vizuri husema kwanza anataka kufanya nini na kwa nini, huomba ruhusa, husubiri uchungu uliopo upite, kisha humweleza mama alichokikuta: njia imefunguka sentimita ngapi na bado safari gani. Maelezo hayo huchukua chini ya dakika moja. Mama aliyeelezwa hulegeza mwili, na kipimo chenyewe huwa chepesi.

Halafu kuna kusikiliza, na hapa ndipo penye mengi. Chukua mfano wa mwanamke wa uzazi wa kwanza anayesema, "Sista, nakufa." Jibu la mazoea ni "Hufi, tulia," au lile la upole, "Usijali, utajifungua salama." Yote mawili yanafunga mlango: la kwanza linamfokea, la pili linamwahidi jambo ambalo hakuna mwenye mamlaka nalo. Mkunga anaweza kusema badala yake, "Naona umezidiwa. Nini kinakutisha zaidi?" Huenda mama akajibu kwamba kichwa kinamgonga tangu alfajiri na macho yanaona ukungu. Hizo ni dalili za hatari zinazoweza kutangulia kifafa cha mimba, na "tulia" isingezitoa. Shinikizo la damu linapimwa papo hapo.

Hata "pole", neno zuri kuliko mengi tuliyonayo, lina namna mbili za kutumika. Likisemwa na msemaji akabaki, hufungua mazungumzo. Likisemwa na msemaji akiwa ameshageuka kwenda kitanda cha pili, huyakata. Maswali ya "kwa nini" nayo yana sumu yake: "Kwa nini hukuwahi kliniki?" humfanya mama ajitetee kama yuko kituo cha polisi, wakati "Ilikuwaje hadi ukafika leo?" huleta habari ya nauli, mume aliyesafiri, au mkwe aliyetaka wasubiri kwanza. Na swali la "Umeelewa?" karibu halina maana, kwa sababu adabu humtaka mtu aitikie ndiyo. Ni afadhali kumwambia, "Ukifika nyumbani mama yako akikuuliza dawa hizi zinatumikaje, utamwambia nini?" Akikosea, hurudiwa kuelezwa bila kuaibishwa.

Hali halisi ya wodini imechunguzwa, tena kwa miradi yenye majina ya Kiswahili. Mwaka 2010 watafiti Diana Bowser na Kathleen Hill walipanga ukiukaji wa heshima wakati wa kujifungua katika mafungu saba, kuanzia kupigwa na kutukanwa, kutelekezwa, kufanyiwa jambo bila ridhaa, hadi kuzuiliwa kituoni kwa sababu ya deni. Nchini Kenya, mradi wa Heshima ulihoji wanawake 641 katika vituo 13, na asilimia 20 walisema walitendewa angalau moja kati ya hayo. Mkoani Tanga, mradi wa Staha wa Taasisi ya Afya Ifakara na Chuo Kikuu cha Columbia ulikuta asilimia 19 kwa wanawake waliohojiwa wakitoka kituoni. Walipofuatwa baadhi yao nyumbani wiki kadhaa baadaye, ikawa asilimia 28. Mtu aliyeko bado kwenye lango la hospitali, mtoto mkononi, husema machache.

Ni rahisi kumtupia lawama mkunga. Lakini mkunga mmoja wa zamu ya usiku anaweza kuwa na wanawake kadhaa wenye uchungu kwa wakati mmoja, glovu zinakaribia kuisha, na akipoteza mtoto ni yeye atakayeandika maelezo. Wapo wanaoamini kwamba ukali huokoa: mama asiyesukuma kwa wakati, mtoto atachoka. Hoja hiyo ina chembe ya ukweli, maana kuna dakika ambazo mama anahitaji sauti thabiti ya kumwongoza. Kofi la pajani halimo katika hesabu hiyo, wala tusi la "wakati unautafuta ujauzito hukulia."

Miradi hiyo miwili haikuishia kuhesabu makosa. Huko Kenya, mafunzo ya watumishi, usimamizi wa karibu na ushirikishaji wa jamii viliishusha ile asilimia 20 hadi 13. Tanga, jamii na watumishi waliandika pamoja mkataba wa huduma kwa mteja, na wodi ya wazazi ikaanza kurekebisha mambo yaliyo ndani ya uwezo wake, yakiwamo mapazia ya faragha. Uwezekano wa mama kudhalilishwa ulipungua kwa takriban theluthi mbili ukilinganishwa na hospitali isiyoguswa na mradi.

Miongozo ya uzazi ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 imeyaweka mawasiliano mazuri na huduma ya heshima miongoni mwa mapendekezo yake rasmi, pamoja na haki ya mama kuwa na msindikizaji amtakaye. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi mbalimbali zinaonyesha kwamba mwanamke mwenye mtu wa kumtia moyo muda wote ana nafasi kubwa zaidi ya kujifungua kwa njia ya kawaida, na uchungu wake huwa mfupi kidogo. Si kila kituo kinamruhusu msindikizaji kuingia leba, hasa pale vitanda visipotenganishwa kwa pazia, kwa hiyo mjamzito anafaa aulize jambo hilo mapema, angali anahudhuria kliniki.