Kimya cha Askari Aliye Safarini

Koplo wa Kamembe aondoka alfajiri kwenda kulinda amani katika Jamhuri ya Afrika ya Kati. Familia ameiaga, deni la dukani amelilipa. Alilolisahau ni ile huduma ya filamu aliyoijaribu bure kwa mwezi mmoja. Arejeapo baada ya mwaka ataona ada imekatwa kila mwezi, wala hakuna mwizi wa kumkamata.

Huo ndio mkataba ujirefushao wenyewe. Sokoni kimya ni kukataa: mama muuza sambaza hawezi kukutoza leo kwa kuwa ulinunua jana. Katika mkataba huu kimya ni kukubali. Mteja huridhia mara moja. Mwenye huduma huhifadhi namba ya kadi au ruhusa ya kukata fedha za simu, na kila kipindi kiishapo mtambo hukata ada mpya.

Tusiuite ulaghai moja kwa moja. Duka litegemealo intaneti lingetaabika kama laini ingekatika kila mwisho wa mwezi kwa sababu mwenyewe amevuka daraja kwenda Bukavu. Taabu huanza pale mlango wa kuingilia uwapo mpana na wa kutokea ukafichwa.

Ufaransa ililigusa jambo hili kwa sheria ya Januari 28, 2005. Mwenye huduma sharti amkumbushe mteja kati ya miezi 3 na mwezi 1 kabla ya siku ya mwisho ya kukataa. Asipomkumbusha, mteja aweza kujitoa wakati wowote baada ya mkataba kurefushwa, bila gharama. Kinga hiyo haimhusu mfanyabiashara katika kazi yake. Yeye hudhaniwa kuwa husoma mikataba. Marekani ilitunga kanuni ya kurahisisha kujitoa mwaka 2024, lakini mahakama ikaitengua Julai 2025.

Koplo wetu basi afanye nini kabla ya safari? Kufuta programu katika simu hakufuti mkataba, na kadi iliyoisha muda huenda ikaacha deni. Yampasa aingie katika akaunti yake, asitishe kabla ya tarehe ya makato, kisha autunze ujumbe wa kuthibitisha. Ikiwa ni huduma ya simu na makato yakaendelea, aanze kwa kampuni yenyewe; isipomsikiliza, apeleke malalamiko RURA pamoja na ujumbe ule, kwa maana askari ajua shauri lisilo na ushahidi huishia wapi.