Ukumbusho Ukutani: Alama za Siasa katika Picha za Kongo

Mgeni afikaye Kisangani huonyeshwa Wagenia, wavuvi wategao migono mikubwa kwenye magogo yaliyosimikwa katika maporomoko ya Mto Kongo. Picha hiyo imeenea tangu enzi za ukoloni, nayo haimdai mtazamaji chochote. Lakini mji huohuo, ulipokuwa ukiitwa Stanleyville, ndio uliokuwa ngome ya Patrice Lumumba. Humo ghasia zilizuka mwishoni mwa Oktoba 1959 baada ya mkutano wa chama chake, naye akatiwa nguvuni. Makala hii fupi inakusudia kueleza jinsi wachoraji wa Kongo walivyoyahifadhi mambo ya namna hiyo, na neno la Kiswahili walilolitumia kuitaja kazi yao.

Neno lenyewe ni ukumbusho. Katika miaka ya 1970, huko Shaba (yaani Katanga), picha zilizochorwa juu ya vitambaa vya magunia ya unga ziliuzwa mitaani na kutundikwa sebuleni. Johannes Fabian na Ilona Szombati-Fabian, waliozichunguza, walionyesha kuwa zilithaminiwa si kwa urembo tu, bali kwa uwezo wa kuwafanya watu wakumbuke na wazungumze. Mashuhuri miongoni mwazo ni ile iitwayo Colonie belge: mfungwa amelazwa kifudifudi, askari anamcharaza kiboko, afisa wa Kibelgiji anatazama. (Kiswahili, kama ijulikanavyo, kimeupa mjeledi huo jina la mnyama aliyetoa ngozi.) Kwa anwani yake picha inasema habari za zamani, na chini ya utawala wa Mobutu ilikuwa vigumu kumshitaki mtu kwa kuuchora ukoloni. Hata hivyo anayepiga ni Mwafrika. Hapo ndipo mnunuzi alipoweza kuyaona ya siku zake mwenyewe.

Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi alithubutu zaidi. Mwaka 1973 na 1974 alimchorea Fabian mfululizo wa picha zipatazo 100 za historia ya nchi, akazieleza kwa Kiswahili cha Shaba. Mazungumzo hayo yalitolewa kitabuni mwaka 1996. Katika picha ya mauaji ya Lumumba, Mpolo na Okito ya Januari 1961, misalaba mitatu imesimama kwa mbali, na damu ya Lumumba inaandika ardhini neno la Kifaransa lenye maana ya umoja. Kwa jamii iliyosomeshwa na misheni, alama hiyo haikuhitaji mfasiri.

Wanaokibeza Kiswahili cha Kongo kuwa ni kibovu wangefaa kuyasoma maelezo hayo. Tshibumba alijiita mwanahistoria, na hoja zake zinajengwa, zinapingwa na kutetewa kwa lugha hiyohiyo. Habari zake mwenyewe zilipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980.