Kabati Limefungwa, Nyundo Inafundisha

Majuzi nilialikwa katika chuo kimoja cha ufundi kuwatazama wanafunzi wakiifungua mota ya pampu ya maji. Kijana mmoja alishika tindo mkono wa kushoto na nyundo mkono wa kulia, akaigonga beringi huku na huku hadi ikachomoka. Wenzake wakampigia makofi. Mwalimu wake, ambaye zamani nilimfundisha mimi, alitazama saa akaandika dakika alizotumia.

Sikupiga makofi. Niliiokota ile beringi, nikaifuta grisi, nikaizungusha karibu na sikio. Ilikwaruza mithili ya kinu chenye changarawe. Kwenye shafti nako tindo ilikuwa imeacha michubuko miwili mirefu.

Beringi ina pete mbili, ya ndani na ya nje, na baina yake mna gololi za chuma. Katika mota kama ile, pete ya ndani ndiyo inayoibana shafti. Ukiigonga pete ya nje ili kuing'oa ya ndani, nguvu haina njia nyingine ila kupitia kwenye gololi, nazo huchimba vishimo vidogo ambavyo jicho huenda lisivione. Mwaka 1900 Mswidi Johan August Brinell alitangaza mbinu ya kupima ugumu wa chuma kwa kukikandamiza kwa gololi na kupima kishimo kinachobaki. Kijana wetu alikuwa akilirudia jaribio hilo kwa kila pigo, pasi na kujua!

Njia iliyo sawa si siri. Kuna pula, chombo chenye makucha mawili au matatu na parafujo katikati. Makucha huishika pete ya ndani, parafujo ikaelekezwa katikati ya ncha ya shafti, kisha ikakazwa kwa spana, polepole, bila kwenda upande. Ikikataa, hutiwa mafuta mepesi ya kulegeza kutu na kuachwa kwa muda. Pia waweza kuimiminia pete mafuta yaliyopashwa moto, ili itanuke kabla joto halijaifikia shafti. Moto wa gesi wauepuke, kwani huondoa ugumu wa chuma.

"Lakini Mwalimu," aliniambia yule mwanafunzi wangu wa zamani, "hata hivyo beringi hiyo ilikuwa ya kutupwa."

Hoja hiyo nimeisikia mara nyingi, na ina ukweli nusu. Beringi iliyochakaa ni shahidi. Njia ya gololi ikiwa imechubuka upande mmoja tu, yamkini shafti haikunyooka. Ikiwa imebadilika rangi, pengine grisi ilikauka ikapata joto. Ukiiponda kwa nyundo umemnyamazisha shahidi, na beringi mpya itakufa kifo kile kile. Isitoshe, shafti haitupwi. Ikishachubuliwa, pete mpya haitakaa ipasavyo.

Ndipo nilipouliza pula iko wapi. Ipo, nikaambiwa, kabatini. Ufunguo anao mtunza ghala, na chombo kikipotea, mwalimu aliyetia sahihi hukatwa mshahara. Kwa hiyo hutolewa siku ya mtihani pekee.

Siwezi kumlaumu mwalimu huyo. Ana watoto wa kulisha. Nawalaumu walioweka kanuni inayokithamini chombo kuliko mkono unaopaswa kukizoea. Ajabu ni kwamba tulipoanzisha mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985 tuliimba sana kuhusu kazi za mikono, tukajenga karakana, kisha tukazitia kufuli. Wakuu wa vyuo watoe pula wiki ya kwanza ya muhula, na gharama ya upotevu iwe ya chuo. Nao watahini waache kuhesabu dakika. Waigeuze shafti mwangani na kutoza alama kwa kila mchubuko.

Jioni ile mota ilifungwa beringi mpya na kuwashwa. Ilivuma vizuri. Mwalimu alinitazama kwa tabasamu, nami nikauliza iwapo yule mtunza ghala amekwisha kurudi.