Chachu Inayoshinda Dawa

Chachu ya mukate unaijua: kidogo tu, na unga wote unavimba. Lakini kuna chachu zingine zinazokaa katika mwili wa mutu. Candida albicans inakaa katika kinywa na tumbo ya watu wengi bila kuwaumiza. Mwili ukizoofika, inaleta utando mweupe katika kinywa.

Mwaka 2009, wataalamu wa Japani walieleza chachu mupya waliyoipata katika sikio ya mugonjwa. Waliiita Candida auris. «Auris» ni sikio katika Kilatini. Hiyo ni kali. Inashika ngozi na vitanda vya hospitali, na ikiingia katika damu inaweza kuua. Mara nyingi flukonazoli, dawa inayotumiwa sana, haiiwezi. Mwaka 2022 OMS iliweka zote mbili katika kundi la kuvu za hatari kubwa.

Dawa inashindwa namna gani? Inaua chachu zazifu. Zile zenye nguvu zinabaki na kuzaana.

Basi mama, utando ukionekana katika kinywa cha mutoto, umupeleke kwa muganga. Kijana, usimeze vidonge vya jirani. Na ukienda kuona mugonjwa, nawa mikono na sabuni, ukiingia na ukitoka. Tusiharibu dawa yenye kutuponya.