Kilimo cha bangi California: Ruhusa pekee haitoshi kulinda usalama wa jirani

KWA zaidi ya miaka 20, miji na kaunti za kaskazini mwa jimbo la California, Marekani, zimekuwa zikitafuta jawabu la swali moja: mtu akiruhusiwa kupanda bangi, ataipanda wapi, ataotesha miche mingapi, na ni nani atakayehakikisha kwamba jirani yake analala salama?

Swali hilo lilizuka Novemba 1996, wakati wapigakura wa jimbo hilo walipopitisha Pendekezo la 215. Liliwaruhusu wagonjwa walioshauriwa na daktari kutumia bangi na kujipandia wenyewe.

Sheria hiyo ilikuwa fupi mno. Haikutaja idadi ya miche, wala haikueleza iwapo mmea huo ungepandwa shambani, uani au chumbani.

Mnamo 2003, bunge la jimbo lilijaribu kuziba pengo hilo kwa kuweka kiwango cha miche sita iliyokomaa au 12 michanga kwa kila mgonjwa. Hata hivyo, liliziachia kaunti na miji uhuru wa kuruhusu miche zaidi. Hivyo basi, jambo lililokuwa halali upande mmoja wa mpaka wa kaunti likawa kosa upande wa pili.

Katika Kaunti ya Mendocino, kwa mfano, wapigakura walikuwa wameamua mwaka 2000 kwamba polisi wasishughulike na mtu mwenye miche isiyozidi 25. Wapigakura wa kaunti iyo hiyo walibatilisha uamuzi huo Juni 2008.

NYUMBA ZAGEUKA MASHAMBA

Athari za pengo hilo zilionekana wazi katika Arcata, mji mdogo wenye chuo kikuu katika Kaunti ya Humboldt. Watu walikodi nyumba za kuishi, wakazigeuza kuwa mashamba ya bangi.

Mmea unaokuzwa ndani ya nyumba huhitaji taa zenye nguvu zinazowaka kwa saa nyingi kila siku, pamoja na feni za kupunguza joto. Nyaya za nyumba ya kawaida hazikutengenezwa kubeba mzigo kama huo. Zikizidiwa, hupata joto, na moto unapoanza hauchagui nyumba ya mkulima na ya jirani.

Aidha, unyevunyevu huozesha kuta na kuleta ukungu, nayo mavuno yenye thamani kubwa huwavutia majambazi. Wanafunzi na familia za kipato cha chini nao walijikuta wakishindania nyumba na watu waliozitafuta kwa ajili ya mimea.

Baraza la mji lilipitisha kanuni mwaka 2008. Mgonjwa aliruhusiwa kupanda bangi nyumbani mwake katika eneo lisilozidi futi 50 za mraba, na taa zake zisizidi wati 1,200. Nyumba ilipaswa kubaki makao ya watu.

Ugumu ulikuwa katika kutekeleza kanuni hizo. Afisa wa mji hawezi kuingia katika nyumba ya mtu kupima ukubwa wa bustani yake bila idhini au kibali cha mahakama.

Lakini mita ya umeme haifichiki. Novemba 2012, wapigakura wa Arcata waliidhinisha kodi ya asilimia 45 kwa nyumba inayotumia umeme unaozidi mara sita ya kiwango cha msingi. Kodi hiyo haikumuuliza mtu anapanda nini. Ilimfanya anayegeuza nyumba kuwa kiwanda alipie gharama hiyo, bila askari kubisha mlangoni.

Hata hivyo, hatua ya aina hiyo ina upungufu wake. Mji unaweza kumfanya mkulima aondoke, lakini hauwezi kumzuia kuhamia vilima vilivyo nje ya mipaka yake.

UTEPE WA SHERIFU

Mendocino ilijaribu njia tofauti kuanzia 2010. Tom Allman, sherifu wa kaunti hiyo, yaani mkuu wa polisi anayechaguliwa kwa kura, alisimamia mpango wa kuwasajili wakulima wa bangi ya matibabu.

Mkulima aliyetimiza masharti angeweza kupanda hadi miche 99 katika kipande kimoja cha ardhi. Alilipa ada, akakubali shamba likaguliwe, na kila mche ukafungwa utepe maalum wa plastiki ulionunuliwa kutoka afisi ya sherifu.

Faida ya mpango huo kwa usalama ilikuwa rahisi kueleweka. Afisa aliyefika shambani aliweza kutambua mara moja bangi iliyosajiliwa na isiyosajiliwa. Naye mkulima aliyevamiwa na majambazi aliweza kuwaita polisi bila hofu ya kukamatwa yeye mwenyewe.

Lakini sheria ya serikali kuu ya Marekani ya mwaka 1970 haikuitambua ruhusa ya kaunti. Oktoba 2011, maafisa wa serikali kuu walivamia shamba lililokuwa limesajiliwa katika mpango huo na kukata mimea yake.

Mapema mwaka 2012, kaunti ilisitisha usajili wa miche 99 baada ya kuonywa na mwendesha mashtaka wa serikali kuu. Baadaye mwaka huo, wachunguzi wa serikali hiyo walidai kupewa rekodi za mpango huo. Waliokuwa wamejitokeza na kutii kanuni za kaunti sasa walihofia kwamba majina yao yangetumiwa kama ushahidi dhidi yao.

UHALALISHAJI WA 2016

Novemba 2016, California ilihalalisha matumizi ya bangi kwa watu wazima kupitia Pendekezo la 64. Kila nyumba iliruhusiwa miche sita. Miji na kaunti zilipewa uwezo wa kupiga marufuku upanzi wa nje na biashara yote ya bangi katika maeneo yao, ila haziwezi kukataza miche sita inayokuzwa ndani ya nyumba.

Maeneo mengi yalichagua marufuku. Pale leseni zilipotolewa, ada, kodi na masharti mengi vilimlemea mkulima mdogo. Ukulima wa siri haukukoma.

Katika misitu ya umma, wakulima haramu wamepatikana wakitumia sumu kali, ikiwemo kabofurani, ambayo Wakenya waliijua kwa jina la Furadan ilipotumiwa na baadhi ya wafugaji kuua simba. Sumu hiyo huua wanyama, huingia mitoni na kuhatarisha askari wanaokwenda kung'oa mimea hiyo.

FUNZO KWA KENYA

Nchini Kenya, kupanda bangi ni hatia chini ya sheria ya mihadarati ya mwaka 1994, na adhabu yake yaweza kufikia kifungo cha miaka 20. Katiba ya 2010 inazipa serikali za kaunti jukumu la kudhibiti mihadarati, lakini marufuku ya kilimo hicho ni ya nchi nzima. Mwaka 2021, Warasta waliwasilisha kesi katika Mahakama Kuu wakitaka waruhusiwe kutumia bangi katika ibada zao.

Wanaotetea uhalalishaji na wanaoupinga huitaja California kama ushahidi wao. Historia ya jimbo hilo haimpi ushindi yeyote kati yao. Inachoonyesha ni kwamba ruhusa isiyo na mipaka ilileta hatari ndani ya mitaa ya makazi, nayo marufuku ikasukuma kilimo hadi misituni.

Kanuni zilizoelekea kumlinda jirani ni zile zilizokuwa wazi, zilizoweza kutekelezwa na maafisa wa mahali, na ambazo raia aliyezitii hakuadhibiwa na mamlaka nyingine kwa utiifu wake.